Vifaranga Sita wa Nawoi

Jumatatu, 20 Mei 2013

Mke wangu Nawoi amepelekwa hospitali ya Lodwar asubuhi. Sukari imepanda tena. Dada yake Apua ameenda naye. Mimi nimebaki hapa Kakuma kulinda nyumba — na mayai. Ameshalazwa kwenye gari, bado ananiagiza: kuku asisumbuliwe, maji yawe karibu naye.

Mayai manane ya bata, chini ya kuku! Aliyapata kwa Adhieu, yule mama Mdinka wa kambi ya wakimbizi anayetuuzia mboga. Nawoi aliyapanga mwenyewe kwa kupapasa, Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Tangu macho yamwishie mwaka jana, hii ndiyo kazi ya kwanza aliyoianza bila msaada. Kwa hiyo sikumkataza. Sisi Waturkana ni watu wa mbuzi na ngamia. Ndege ni wa kufukuzwa uani.

Jumapili, 2 Juni

Siku ishirini na moja leo. Kimya. Nawoi kwenye simu: vipi? Bado, nikasema. Mchana uvumilivu ukanishinda. Nikachukua yai moja nikalivunja, nione kama yameoza.

Kifaranga alikuwa hai. Mdomo bapa ukafunguka mara mbili, basi.

Adhieu alipopita nikamwonyesha. "Siku ishirini na moja ni za kuku, mwalimu. Bata ni ishirini na nane. Wewe hukuuliza mtu?" Sikuuliza. Miaka thelathini nimewagombeza watoto wa watu kwa kutouliza.

Jumatatu, 10 Juni

Sita! Yai moja viza, lakini wametoka sita. Nimempigia Nawoi kabla ya chai. Amecheka — Apua anasema hajacheka tangu alazwe. Akataka kusikia sauti zao. Nikainama na simu pale kwenye kiota mpaka salio likaisha.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwa aibu.

Nilijaza karai. Lita ishirini nzima, maji niliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Bata ni maji, nani asiyejua? Wakaingia wote. Kuku akalizunguka karai akipiga kelele, nami nikamcheka. Nikaenda kutazama chai jikoni. Niliporudi wawili walikuwa wanaelea, wamekufa. Wengine wamelowa mpaka ngozi, wanatetemeka — kwa jua hili la Kakuma, wanatetemeka. Wawili zaidi wakafa kabla ya saa kumi.

Adhieu amenieleza. Mama bata ndiye anayewapaka watoto mafuta ya manyoya yake, maji yasiwaingie. Hawa mama yao ni kuku, hana mafuta hayo. Kumbe kuku alijua. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Jioni Nawoi akapiga. Wazima? Wazima. Wote sita? Nikasema wote.

Alhamisi, 20 Juni

Mwewe amechukua mmoja. Amebaki mmoja tu, anamfuata kuku kila mahali. Kwenye simu nimesema wanakula vizuri, tena wawili wanapigana. Uongo wangu sasa una mambo mengi ndani yake. Najichukia.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda Lodwar. Daktari alizungumza na nesi kwa Kiingereza mbele yangu. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote. Figo zote mbili zimeshindwa. Kisha nesi akanitafsiria, kwa upole zaidi kuliko alivyosema daktari: mama aende nyumbani akapumzike. Nikaitikia kana kwamba ndiyo kwanza nasikia.

Nawoi amekonda sana. Hakuuliza daktari amesema nini. Alisema tu: "Nikifika nataka kuwashika. Mmoja mmoja, wote sita." Nilipaswa kumwambia ukweli pale pale. Nikamwambia wamekua.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemwomba Adhieu vifaranga watano wa kuazima. Wake wameshaota mbawa. Mikono ya Nawoi haidanganyiki hivyo. Mwambie tu mama, Adhieu akasema, yeye si mtoto. Siwezi. Mke wangu anakufa na hao sita ndio furaha aliyobaki nayo.

Ijumaa, 28 Juni

Amefika saa tano. Uji hataki. Amelala kwenye mkeka, mikono wazi. Lete, anasema.

Nikampa yule mmoja. Akampapasa kichwa, mdomo, miguu. Akahesabu kwa Kiturkana: apei, mmoja. Nikamchukua, nikatoka, nikasimama kidogo nje ya mlango, nikarudi naye. Wa pili. Akampapasa vilevile, taratibu. Nikatoka tena. Wa tatu. Apua ameketi pembeni, anatazama chini. Wa nne Nawoi alikaa naye muda mrefu, amemlaza kifuani. Kifaranga alikuwa anahema, mdomo wazi.

"Mzee," akasema, "huyo wa tano usimlete haraka. Mpe maji kwanza. Amechoka kuingia na kutoka."

Niko naye kivulini, daftari gotini. Anakunywa. Nawoi ameshaniita mara moja, na sijui nikiingia nitasema huyu ni wa tano, au nitasema nini.