Kweyu na Nafasi Nne kwa Kumi

Mwaka wa tano umetimia tangu ututoke, Baba Marion, Julai ile ya 1993. Watoto wamekua. Triza sasa anavaa viatu vya mama yake, na hapa mtaani Tena bado kuna watu wanaokutaja redio zao zikizimika.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Ukitoka kazini, kwenye kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, ulipita kwa majirani kwanza, huyu umemuungia waya, yule umemkazia kitasa, hadi chakula kinapoa. Mkeo Selpher alinung'unika, lakini sahani yako aliifunika. Nawe ulipenda kumchokoza. Ulikuwa ukisema makusudi, "Leo nimekuwa na bahati," ili tu umsikie akikukatiza: "Sema neema. Bahati ni ya wacheza kamari." Nyumba yako ni ya waliookoka, na neno hilo lilipigwa marufuku humo.

Basi sikia yaliyotokea mahakamani, maana mwenye kesi ni wewe.

Uliugua kichwa na joto jingi, shingo ikakakamaa hata kutazama chini huwezi. Daktari wa ile hospitali ya kibinafsi alisema ni malaria, akakupa dawa, akakuambia uende nyumbani. Kesho yake Selpher akakurudisha na kumwonyesha ile shingo. Akaambiwa asimfundishe daktari kazi. Kufika hospitali kubwa, kumbe ni homa ya uti wa mgongo, na ulikuwa umechelewa.

Selpher alishtaki. Alitaka jambo moja tu: mtu mwenye mamlaka atamke kwamba kucheleweshwa ndiko kulikokuondoa. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako lilikuwepo, mkeo alilibeba.

Wakili wa hospitali alimuuliza kwa Kiingereza kama siku ile ya kwanza ulikuwa na nafasi ya kupona. Karani wa kutafsiri, sijui alikuwa amechoka, akasema, "Je, mume wako alikuwa na bahati ya kupona?"

Lo! Selpher alijinyoosha kizimbani. "Hapana," akasema. "Mume wangu hakuwa na bahati. Sisi tumeokoka."

Jaji akaandika. Sisi huku nyuma tulitamani ardhi itumeze. Wewe ungecheka, na hapakuwa na cha kuchekesha.

Wakili wetu, Bwana Kisilu, alisimama upesi akaeleza kwamba neno ni nafasi, si bahati. Jaji akakubali swali lirudiwe. Safari hii Selpher alijibu polepole. "Nafasi alikuwa nayo," akasema. "Alinitambua. Aliniambia nifunge dirisha."

Tukadhani tumepona. Kisha daktari bingwa, shahidi wetu wenyewe, akaulizwa nafasi hiyo ilikuwa kiasi gani. Mtu mkweli yule, hatumlaumu. Alisema katika wagonjwa kumi wa hali yako, wakitibiwa mapema, wanne hupona. Hapo ndipo kesi ilipoanguka. Jaji alisema daktari alizembea, hilo halina ubishi. Lakini sheria inataka uwezekano upite nusu, na wanne katika kumi hawafiki nusu, kwa hivyo yaelekea ungekufa tu. Yaani nafasi isiyofika nusu, mahakamani ni kama haikuwepo. Inauma, Baba Marion, hatutakuficha.

Pale nje Bwana Kisilu alianza kumfafanulia Selpher sheria, kwa upole, na mkeo alimsikiliza hadi akamaliza. Kisha akamuuliza: "Wakili, mtoto wako akiwa na nne kwa kumi, utamwacha kitandani?"

Bwana Kisilu alifungua tena jalada la kesi. Akasema tutakata rufaa.

Rufaa imekatwa. Huenda tukashindwa tena, na Selpher anajua hivyo. Anasema ataenda vilevile, siku yoyote watakayomwita, kwa sababu zile nne hazikuwa za daktari kuzitupa. Zilikuwa zako.

Tunaokukumbuka ni mkeo Selpher, binti zako Marion na Triza, ndugu yako Masinde, na majirani wote wa Tena. Maadamu tungali hai, Kweyu, hutasahaulika.