Mafuta ya Mbarika kwa Gari Linalogonga

Bigwa, kwa Masista

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na wewe mjomba, maana najua ndiye unayemsomea. Mimi mwili wangu mzima, ila mikono yangu inanuka. Nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka ngozi inachubuka, na bado inanuka. Kifua cha bibi kimepoa baada ya mvua? Maharage ya bondeni mmeyavuna, au nyani wamewatangulia? Niambieni yote, hata mabaya.

Mjomba, kabla hujaendelea, tazama kama mzee aliyeileta barua hii amekaa karibu. Kama yupo, mpe maji na kiti, kisha ingia ndani na mama umsomee polepole. Sitaki asikie ninavyosimulia habari zake.

Anaitwa Mzee Salumu, mtu wa Mikese. Ndiye anayeendesha gari la punda la hapa misheni, anapeleka kabichi na viazi kwenye kituo cha reli cha Kingolwira. Nilipougua homa ndiye aliyenilaza juu ya magunia akanipeleka kwa daktari, akanifunika kwa shuka yake mwenyewe.

Tangu masika gari lilianza kugonga. Likienda moja kwa moja, kimya. Likigeuka tu, ko, ko, chini ya sakafu, mpaka punda wanasimamisha masikio. Bruda anayesimamia karakana alifungua magurudumu yote, hakuona kilicholegea. Akabadilisha mti wanaofungiwa punda. Gari likageuka langoni: ko, ko. Mwishowe akasema mzee analipitisha kwenye mawe kwa uvivu, na kwamba likigonga tena atampeleka bomani akachapwe viboko. Mama, unajua watu wanavyorudi kutoka kule. Mzee Salumu ana mvi mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi tulikuwa tunapakia kabichi. Bruda akaniambia nitembee kando ya gari nisikilize, kwa sababu masikio yake yameharibiwa na nyundo. Nikatembea nimeinama. Kulia, ko. Kushoto, ko. Sauti haikutoka kwenye magurudumu. Ilitoka katikati, pale ambapo msumari mnene wa chuma unaushika mti wa magurudumu ya mbele ili ugeuke chini ya sakafu. Gari liliposimama nikaingiza mkono. Pakavu kabisa, kutu tupu na vumbi jekundu.

"Mbona hapa hapana mafuta?" nikauliza.

Petro, kijana wa ghala, akacheka. "Mwulize babu. Kopo lake anapewa kila juma. Labda anapikia pilau."

Mzee Salumu akawatazama punda wake.

Petro akalileta kopo, akalifungua chini ya pua yangu. Mafuta yamegeuka manjano, mende wamezama humo miguu juu, na kati yao vipande vya ngozi vyenye nywele. Nikaitambua ngozi ile. Siku za kuchinja, kazi yangu jikoni ni kuyeyusha mafuta ya nguruwe, na yale yalikuwa makombo ya chini ya sufuria niliyoyakwangua mimi mwenyewe. Niliambiwa yanakwenda kutupwa.

"Si alikuwa anapewa ya ng'ombe?" nikamwuliza Petro.

"Ya ng'ombe yamekwisha. Nilimwambia ni yale yale, akanusa kama mbwa." Akamsogezea mzee kopo. "Haya babu, chovya kidole. Punda wako hawatakwenda kusema kwa shehe."

Wasichana wenzangu wakacheka. Wale wale wanaoimba vizuri kanisani. Hilo lilinichukiza kuliko mende.

Ndipo nikaelewa. Magurudumu, mzee alikuwa anayapaka kwa kijiti kirefu, amegeuza uso. Lakini kwenye ule msumari kijiti hakifiki, lazima mkono uzame, na mkono wenyewe ndio wa kulia chakula. Basi hakupaka. Wala hakusema, kwani angesema nini? Kumwambia Mzungu kwamba kitu chake ni najisi ni kujitafutia viboko vile vile.

Tumefundishwa tusiseme mbele ya Bruda mpaka tuulizwe. Nilisema. Nilisema yote, kuanzia sufuria hadi kijiti. Bruda akaung'oa msumari. Ulikuwa umelika upande mmoja kama gunzi lililotafunwa. Akafua mwingine siku ile ile, akatia kipande cha ngozi ya ng'ombe chini yake ukae sawasawa, akaupaka mafuta ya kopo kwa mkono wake. Yaliyomwagika nikaambiwa niyafute mimi. Gari likageuka langoni bila sauti.

Nilidhani yamekwisha. Bruda akalisukuma kopo kwa mguu mpaka mbele ya mzee.

"Leo nimepaka mimi. Juma lijalo utapaka wewe. Usipopaka, bomani."

"Bwana," mzee akasema taratibu, "nipe hata ya samaki."

"Ghala lina haya."

Nikasema tena, bila kuulizwa, kwamba mama yangu anakamua mafuta ya mbegu za mbarika, mazito, na kwamba mjomba huyapaka kwenye bawaba za mlango nazo hazilii. Bruda akafikiri. "Yaletwe kabla ya Jumamosi ijayo. Yakifaa, kopo hili litatupwa."

Sista alikuwa dirishani. Jioni hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ningependa kuwafundisha watoto wadogo kusoma, nikishamaliza masomo. Sijalala vizuri tangu hapo, kwa furaha na kwa harufu hii.

Msalimieni bibi, mwambieni nakumbuka uji wake. Msalimieni dada Tekla na mtoto wake ambaye sijamwona, na mke wa mjomba aliyenisuka nywele siku ya kuondoka.

Mama, mjazie Mzee Salumu kibuyu kikubwa. Ukamue katika chombo kisichowahi kutiwa mafuta mengine. Na kabla hujakifunga, kiweke wazi mbele yake, ugeuke ufanye kazi yako, umwache anuse mpaka aridhike.

Mimi binti yako,
Veronika