Mchepuo wa Jildou, Nilioutangaza Mimi

Jumapili, 18 Mei

Jildou kaja na mifuko miwili ya nguo chafu na tatizo moja. Nguo nimezimaliza. Tatizo bado liko juu ya meza ya jikoni.

Kule chuoni Groningen wanamtaka achague mchepuo wa shahada yake ya uzamili. Ya biashara! Binti yangu mimi, niliyeishia shule ya mapishi na kushona! Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana kamili, mchepuo na masomo manne, kisha kompyuta inafunga mlango. Kuna fedha, kuna mkakati, kuna usafirishaji wa bidhaa, kuna usimamizi wa watu. Kanisomea masomo yote. Moja linaitwa Majadiliano — watu wazima wanakaa darasani kufundishwa kubishana! Nikamwambia hilo alishalimaliza hapahapa jikoni, akiwa na miaka mitatu.

Akauliza ningekuwa mimi ningechagua nini. Mkakati, nikasema, bila kupepesa. Hao ndio wenye ofisi za juu, za vioo. Akakata kipande kingine cha mkate wa sukari.

Gerben akasema, "Mwache achague mwenyewe, Aukje." Mume wangu huyo. Maneno matatu na jina langu — basi, kamaliza ya wiki.

Jumanne, 20 Mei

Sikukuu ya kuzaliwa ya Hiltje, jirani yetu wa ukuta mmoja. Viti duara, magoti yanagusana. Nimezunguka kupeana mkono na kila mtu, kama desturi yetu: hongera ya mkeo, hongera ya mama yako, hongera ya jirani yako. Nusura nimpongeze na mbwa. Kahawa, kipande kimoja cha keki, na kopo la biskuti likafungwa.

Halafu akaanza. Mwanawe Brand, daktari wa meno, kafungua chumba cha pili. Brand kanunua kiti kinacholala chenyewe. Brand hivi, Brand vile. Utadhani mkoa wetu mzima wa Friesland ulikuwa kibogoyo kabla ya Brand kuzaliwa!

Mtu akauliza, na Jildou je? Na mdomo wangu huu — Mungu alisahau kuutia breki — ukasema kachukua Mkakati. Imeshapita. Walimu wenyewe walimwomba.

Walimu wenyewe! Sijui hilo lilitoka wapi. Lilitoka limevaa viatu kabisa.

Hiltje akasema, "Kuwa mtu wa kawaida tu, Aukje. Ukawaida peke yake ni wazimu wa kutosha."

"Ndiyo maana mengine sikuyasema, mpenzi wangu."

Duara zima likaangua kicheko. Gerben akanikanyaga mguu.

Jumatano, 21 Mei

Nilikuwa naanika nguo. Kichwa cha Hiltje kikachomoza juu ya uzio. Kama imeshapita, mbona hamjatundika bendera?

Mbona hatujatundika! Nikaingia ndani nikaitoa. Gerben akaweka gazeti chini — jambo kubwa hilo. Akasema kutundika bendera na mkoba wa shule nje ya nyumba ni kwa watoto waliofaulu sekondari, na matokeo yao yenyewe ni mwezi ujao. Nikamwambia mwenye shahada mbili asikose bendera kwa sababu ya kalenda. Tatizo ni mkoba. Ule wa zamani tulishaugawa. Nikafungua mfuko wa baiskeli yangu, ule mkubwa wa kubebea viazi, nikauning'iniza kwenye ncha ya mlingoti. Shahada kubwa, mkoba mkubwa!

Mpaka jioni kadi tatu zimeingia kwenye tundu la mlango. Mchungaji kapiga kengele ya baiskeli. Nimempungia mkono kama malkia.

Alhamisi, 22 Mei

Jildou kapiga simu. Hiltje kamtumia picha ya bendera, na hongera ya Mkakati.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema alishaamua tangu Jumatatu, Usimamizi wa Watu. Alitaka kuja kuniambia mwenyewe. Sasa mtaa mzima unajua kitu kingine.

"Usimamizi wa watu ndiyo kazi gani, mwanangu? Kupanga nani aende likizo lini? Hiyo naifanya mimi pale kwenye duka la mikate, na cheti changu cha kushona!"

Kisha akasema, taratibu, "Mama, ukitaka nibadilishe, nitabadilisha. Sitaki wakucheke."

Ningesema hapana, usithubutu. Mama mwema angesema. Na mimi — hapa hasomi mtu, kwa hiyo naandika — sikusema hapana. Nilisema njoo kesho tuzungumze.

Bendera nimeishusha. Upepo, nimemwambia Hiltje. Hakukuwa na upepo.

Ijumaa, 23 Mei. Saa tano na nusu asubuhi, chooni

Nimejifungia. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni, ashukuriwe Mungu.

Jildou kafika na treni ya asubuhi. Kaweka kompyuta mezani, masomo manne yameshajazwa, mchepuo tu umebaki wazi. Kabla sijamimina kahawa, mlango wa nyuma ukafunguka — Hiltje! Na maua! Bila miadi! Hata mtu akifa kwetu huku unauliza kwanza kama saa nne inafaa.

Akaketi. Jildou akanitazama mimi. "Sema wewe, Mama. Nibonyeze upi?"

Nikasema nakuja. Nikaja huku.

Mlango ni mwembamba, nasikia yote. Hiltje anashangaa: bado kuchagua? Si mama yako alisema imeshapita? Jildou anasema mama alitangulia kidogo. Kidogo! Kisha anamwambia anachokitaka yeye hasa. Hiltje anacheka kwa pua. Hiyo si kazi ya kukaa na watu wanaolia?

"Shangazi Hiltje, Brand amebadilisha wasaidizi wangapi tangu Krismasi?"

Kijiko kinazunguka kikombeni.

"Watano," anasema Hiltje.

"Mama amepanga zamu miaka kumi na tisa. Wawili waliokuwa hawasemezani aliwaweka kaunta moja kila Jumamosi mpaka wakaalikana harusini. Hakuna aliyeacha kazi kwenye zamu yake. Niliandika kurasa nne juu yake, na profesa alilisomea darasa zima. Darasa zima!"

Anajisifu! Jildou wangu, anayeona haya hata kuzima mshumaa wa keki yake! Kwa sauti yangu kabisa, na mkono naujua uko wapi — kiunoni.

Saa tano na dakika hamsini na moja. Nimevuta maji mara mbili wasidhani nimekufa. Anaita: "Mama, dakika tisa!" Mtoto mjinga, mtoto mwema, bado hajabonyeza. Nikitaja Mkakati sasa hivi, atabonyeza Mkakati. Hiltje anasema mwache, labda ni tumbo.

Tumbo gani! Natafuta sentensi ya kwanza tu. "Hiltje, nilikudanganya" — hiyo inaanza vibaya. "Hiltje, hujasikia bado, binti yangu kachagua Usimamizi wa Watu, na walimu hawakumwomba kitu, hilo nililitunga mimi" — hiyo ndefu, lakini inaanza vizuri. Hiyo naiweza. Nafungua komeo.