Ngazi ya Magazeti

Jumamosi, 6 Aprili

Nimesimama darini! Nilipanda kutafuta sanduku la nguo za baridi, nikainuka bila kufikiri, na kichwa hakikugonga kitu. Katikati pale mtu anasimama wima na nafasi inabaki. Pembeni paa linashuka, lakini nani anashona amesimama? Cherehani pembeni, meza ya kukatia katikati, dirisha kwenye paa. Nilikaa juu ya sanduku nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Miaka yote hii nashona kwenye meza ya chakula. Sahani zikija, mimi na vitambaa vyangu tunafukuzwa. Baba mkwe, tunayeishi naye, husema fundi ni mwenye mlango wake. Anayeshona mezani anapitisha muda tu. Nguo zake huzipeleka kwa fundi wa mjini. Kwangu hajaleta hata kifungo.

Haya. Mlango nitaupata.

Jumanne, 9 Aprili

Mume wangu kwanza kasema darini ni kwa panya. Nikampandisha. Kashuka na utando wa buibui masikioni, anazungumzia rangi ya kuta. Ndiyo huyo.

Jioni kaja mchora ramani. Kagonga boriti, kapima, kanusa mbao. Paa lina nguvu, chumba kinawezekana. KINAWEZEKANA. Halafu akashuka sebuleni, akauliza: na ngazi itaanzia wapi?

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeifikiria ngazi! Pazia tulishachagua.

Korido nyembamba, chumbani kwetu hakuna ukuta wa kutosha. Pamebaki mahali pamoja tu: ukuta mrefu wa sebule, ianzie kona ya dirisha, ipande kuelekea mlangoni. Na kona ya dirisha ndipo kilipo kiti cha baba. Tangu mama mkwe afariki anakaa pale asubuhi hadi taarifa ya habari, anajua nani mtaani katoka na nani karudi. Bahati leo alikuwa kwa kinyozi. Mume wangu: mwambie wewe, wewe ndiye mwenye chumba. Mimi: baba ni wako. Paka yupo, kengele ipo, wa kumfunga hayupo.

Alhamisi, 11 Aprili

Ramani ina vistari vidogo, sivielewi. Mimi kitu nakielewa kikiwa na ukubwa wake. Basi nimegundisha magazeti ya zamani, nimekata ngazi nzima kama ninavyokata gauni, nikaibandika ukutani baba akiwa zahanati. Kipandio cha kwanza kimeangukia hasa kwenye mkono wa kiti chake.

Akarudi. Akatazama. Akakaa, akavaa miwani, akaanza kusoma ngazi! Baadaye kaniita: mkwe, habari ya kipandio cha tatu imekatwa, yule mwizi alikamatwa au hakukamatwa? Sijui, baba, mkasi umepita hapo. Na hii yote ni kitu gani? Nikapiga moyo konde, nikamweleza. Dari, cherehani, ngazi, kona.

Akasema kiti hiki hakihami. Akarudi kwa mwizi wake.

Nimelia jikoni. Kidogo tu. Hasira zaidi kuliko huzuni.

Ijumaa, 12 Aprili

Mume wangu: tuache hadi mwaka ujao. Nimemwambia mwaka ujao baba naye atasema hivyo hivyo. Tumelala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu.

Jumapili, 14 Aprili

NIMEPATA!

Nilikuwa nakata mikono ya gauni la mwalimu. Ukishakata mkono wa kulia, unageuza karatasi ile ile, unapata wa kushoto. Mkasi ukasimama hewani. Nikakimbilia sebuleni, nikabandua magazeti, nikayageuza. Ngazi ianzie mlangoni, ipande kuelekea dirishani! Kona ya baba inapata upande wa juu wa ngazi, na kiti kinabaki palepale, chini ya ngazi, na dirisha lake.

Baba aliinua miguu nipite. Alinung'unika tu kwamba upande huu wote ni matangazo ya mnada.

Mume wangu kanibeba, kanizungusha hadi kiuno chake kikalia. Nimemsamehe ya Ijumaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mchora ramani kaja mbio. Kapanda, kapima ngazi itakapotokea: pana urefu wa kutosha kabisa. Kanipa mkono, kasema hii ndiyo anayoichora. Najiona mrefu leo.

Ila anataka vipimo vya baba. Akikaa, na akiinuka, maana mtu akitoka kitini hutanguliza kichwa. Bila hivyo hachori, hataki lawama ya utosi wa mzee.

Vipimo vya baba! Mume wangu kakumbuka ghafla ana shughuli nje.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda na futi shingoni. Baba, ramani inataka urefu wako ukiwa umekaa. Kauliza, kiti hakihami? Hakihami, baba. Akakunja gazeti. Haya, pima.

Nimepima nusu ya mtaa huu, mabibi harusi na mapolisi, lakini leo kila namba nilipima mara mbili. Mkwe ni mkwe. Nikapima amekaa. Nikapima anainuka. Kichwa kinapita, na nafasi ya ngumi mbili inabaki. KINAPITA! Mume wangu, aliyejificha mlangoni, kapiga makofi. Nikaanza kukunja futi.

Baba hakukaa. Alibaki wima, akanyoosha mikono pembeni kama mteja. Nikamwambia tumemaliza, baba, ngazi haina haja ya mikono. Akatazama dirishani, si mimi. Kasema fundi wake wa mjini siku hizi anambana kwapani. Kasema anataka shati, mikono mirefu, na hana haraka, lakini vipimo nichukue leo.

Nilipima mabega, nikasema naenda kutafuta kalamu. Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, ndiyo hii. Niko jikoni, nafuta uso kwa kanga, naandika hapa hapa nisije nikasahau.

Mabega, inchi kumi na nane na nusu. Kifua bado. Shingo bado. Namwona kutoka hapa, mikono hajaishusha. Ananiita, fundi, nitasimama hivi mpaka —