Uchafu Ulioko Darini

Minneapolis, 3 Januari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, na mtoto hajambo. Hofu yangu ni kwenu, hasa kifua cha mama.

Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Tone la kahawia lilipodondoka kutoka darini hadi kwenye uji wa Krismasi, ukalikoroga ukaendelea kula, niliacha kijiko! Nilipanda kuchungulia. Misumari imeota barafu, mbao nyeusi kwa kuvu, pamba ya kuzuia baridi imelowa na inanuka panya waliooza. Kinyaa kitupu. Feni ya sauna, hicho chumba chenu cha kuogea mvuke, inapuliza mvuke humo humo. Bomba lake lipitishe nje ya paa, ziba nyufa za dari, zibua matundu ya upenuni hewa ipite. Mama analala chini ya uozo ule!

Binti yako,
Sylvi

Duluth, 19 Januari

Sylvi mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo, ni baridi tu.

Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Nilipie kuni za sauna halafu joto nimpulizie jirani? Matundu ya upenuni nimeyajaza masweta makuukuu, na kila mwaka naongeza. Paa linavuja kidogo, kiangazi nitalipaka lami. Ukija tena, hiyo pua yako iache huko huko.

Baba yako

Minneapolis, 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Livuje nini, na siku ile hata mvua haikunyesha? Ni mvuke wetu, baba! Unapanda kwenye nyufa, unaganda kwenye misumari, jua likichomoza unayeyuka na kutudondokea. Mjukuu wako haingii nyumba hiyo tena. Mama anaendeleaje? Nijibu upesi.

Sylvi

Duluth, 30 Machi

Sylvi mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Mama yako alilazwa siku kumi, sasa yuko kwa dada yake Lempi. Huko hakohoi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilipanda darini. Mguu ulizama kwenye pamba kama kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikatapikia kofia yangu. Nimetoa magunia kumi na manne ya uozo. Nyufa nimeziziba zote, hata penye nyaya, na bati nimezungusha kuziba pengo la dohani. Masweta nimeyachoma. Mvuke sasa unatokea nje ya paa. Kumekauka, hakuna harufu.

Jana nilienda kumchukua. Nikamuuliza, "Helmi, mbona hukuwahi kuniambia kwamba nyumba inanuka?"

"Nilikuambia kila mwaka, Arvo," akasema. "Ulinijibu kwamba ninayenuka ni mimi."

Akanimiminia kahawa. Nilipoimaliza, akanifungulia mlango nitoke peke yangu.

Baba yako