Jina Ulilokwenda Nalo

Nyumbani,
nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatano, baada ya shule.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Mgongo wako unaendeleaje? Bibi anasema kazi ya cherehani hula mgongo kwanza kisha huhamia machoni, na kila anapokutaja huanzia hapo hapo, kwenye mgongo. Natumaini unapata nafasi ya kusimama na kujinyoosha.

Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya salamu mwandishi husema, "Sisi huku hatujambo." Nimekaa na kalamu hewani kwa muda mrefu kwa sababu sitaki kukudanganya. Tunaamka, tunakula, tunakwenda kazini na shuleni. Hivyo ndivyo tulivyo.

Mama amejifungua mtoto wa kiume. Alikuja mapema mno, hata kitanda chake hakijapigwa msumari wa mwisho. Yuko hospitali katika wodi ya watoto njiti, ndani ya sanduku la kioo linalotiwa joto kwa umeme. Mimi huruhusiwa kumwona kupitia dirishani tu. Kidole changu gumba ni kinene kuliko mkono wake. Daktari amemwambia Baba kwamba mapafu hayajakomaa, kwamba watafanya kila wanaloweza, lakini tusijipe matumaini. Alisema kwa upole sana, na upole wenyewe ndio uliomtisha Baba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Siku ile ya kuzaliwa, muuguzi alitaka jina la kuandika kwenye utepe wa mkononi. Unamjua kaka yako: kutwa anaandika majina ya watu kwenye mabango, milango ya saluni na ubavuni mwa malori. Alipoulizwa jina la mwanawe mwenyewe, akakauka. Yule muuguzi ni mama mnene mwenye utani hata pale ambapo watu wanalia. Akamwambia, "Baba, huyu anapigana vita humu. Nikitaka kumtia moyo nimwite nani? Au nimwite tu 'Wewe wa sanduku la dirishani'?" Ndipo Baba akasema: Ahueni.

Najua kwamba kuliona neno hilo limeandikwa kunakuuma. Nisamehe, Shangazi. Sikupata njia ya kulizunguka.

Bibi alipopata habari alikuwa anasugua sufuria. Aliiweka chini taratibu. "Jina hilo lina mwenyewe," akamwambia Baba, "na mwenyewe yuko hai. Umemvalisha mtoto nguo ya mwenzake bila hodi."

Baba akasema, "Mama, lilinitoka tu."

"Kinachomtoka mtu ni chafya. Jina hutolewa!"

Tangu hapo, nje ya jambo hili, wanasalimiana tu, basi.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Ilibidi nimsubiri Bibi apoe, ndipo akanieleza utaratibu wa nyumba yetu. Jina huchaguliwa mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo huchaguliwa linalofaa wa kike na wa kiume. Mtoto asipoishi kulichukua, jina hubaki kwa mama yake. Hakuna wa kuligusa mpaka yeye mwenyewe alitoe kwa kinywa chake. Wengine wanafanyaje, Bibi hajui wala hataki kujua.

Akanisimulia pia jina lenyewe lilikotoka. Alisema mimba yako ilikuwa nzito, ulilala chali wiki baada ya wiki, na majirani walianza kuongea kwa kunong'ona. Asubuhi moja uliamka ukaomba uji. Bibi akakuuliza, "Leo vipi, mama?" Ukamjibu, "Leo ahueni," ukashika tumbo ukacheka, ukasema basi ndilo jina lake. Bibi anasema hajawahi kukusikia ukicheka vile tena. Hakuna aliyewahi kuniambia kama mtoto wako alikuwa wa kike au wa kiume, na jina haliwezi kunisaidia kujua.

Mama naye amenieleza kwamba nguo zangu za kwanza ni zile ulizomshonea mtoto wako. Ulizikunja ukamletea Mama bila neno, kisha ukafunga safari. Nguo ulitoa. Jina hukulitoa, ulikwenda nalo, na mimi sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe ningekwenda nalo.

Nilitaka kulijua vizuri kabla sijakuandikia, kwa hiyo nilimwomba mwalimu wetu wa Kiswahili anifungulie kamusi kubwa. Ahueni ni kupungua kwa maumivu, ni hali ya mgonjwa kujisikia afadhali. Alisema asili yake ni Kiarabu, na kwamba kiini chake ni wepesi: jambo limekuwa jepesi kuliko lilivyokuwa. Akanionya nisichanganye ahueni na kupona. Aliyepona amemaliza ugonjwa. Mwenye ahueni bado anaumwa, ila leo ameweza kuinua kichwa. Nilifikiri sana juu ya hilo njiani. Nilipokuwa sijui, niliona ni jina la furaha. Sasa naona ni jina la mtu asiyetaka makuu.

Nilimuuliza mwalimu kama amewahi kumfundisha mtoto mwenye jina hilo. Hajawahi. Nikamuuliza Baba, maana majina ya watu ndiyo mkate wake. Akasema ameandika majina ya kila aina, mengine ya kuchekesha mpaka brashi inatetemeka, lakini hilo hajaliandika hata mara moja. Kwa hiyo nadhani tulilo nalo ni sisi tu, au ni wewe tu.

Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja, ambaye darasa zima humwita Redio kwa sababu hazimiki, aliposikia alishika kiuno. "Ahueni? Si ndiyo wanayosema mtu akitolewa dripu? Mtoto atafika kwa watu, ataulizwa jina, akijibu tu wanaanza kumpa pole!" Nilicheka, Shangazi, nikaona vibaya kwamba nimecheka. Kisha nikamwambia kwamba afadhali huyo atakayepewa pole, kuliko yeye ambaye pole wanapewa wanaomsikiliza.

Ugomvi wa nyumbani ni huu. Bibi anataka utepe ubadilishwe mara moja, mtoto aitwe chochote kile. Anasema mtoto akienda na jina hilo, litazikwa naye, nawe utakuwa umefiwa mara mbili kwa jina moja, na safari hii hutabaki hata na jina. Mama anakataa. Hana nguvu ya kusimama lakini kwa hilo ana nguvu. Anasema akimwita, mtoto husogeza kichwa. Muuguzi amemweleza kwamba wachanga wa namna ile hujitikisa tu wenyewe. Mama amemjibu, "Acha ajitikise. Anajitikisa kwa ajili yangu."

Bibi ana haki, Mama ana haki, na Baba yuko katikati amekuwa mdogo kama mimi.

Baba alitaka kukupigia simu. Bibi akakataa, akasema jina haliombwi kwenye simu, kwa sababu simu hukatika na anayeombwa hapati nafasi ya kulia. Isitoshe, simu zetu huzipokei, na najua una sababu. Bahati nzuri jirani yetu fundi saa anakuja huko kesho alfajiri kufuata vipuri, na amekubali kuibeba barua hii mpaka mkononi mwako.

Nilipofika hapa Baba amerudi kutoka hospitali. Amekaa mlangoni juu ya kopo la rangi, hajavua viatu. Mtoto amechoka, amesema hivyo tu. Wamemwongezea hewa. Nilimuuliza kama yule muuguzi amesema lolote. Baba akasema, "Leo hakutania."

Nilikuwa nimekusudia kukuomba utuandikie barua ya kumpa mtoto jina. Sasa naona kwamba jibu la barua halitamkuta. Nimekwenda jikoni kumuuliza Bibi kama aliye mbali anaweza kulitoa jina pasipo sisi kusikia. Alifunika sufuria kwanza. Kisha akasema, "Aliyelibeba akilitamka kwa hiari yake, limetoka. Masikio yetu si lazima."

Kwa hiyo ombi langu limekuwa dogo. Ukimaliza kusoma, ikiwa moyo wako unakubali, litamke mara moja, kwa sauti, hapo hapo ulipo. Ikiwa haukubali, ikunje barua uendelee na kazi, na hapa nyumbani hakuna atakayekuuliza kamwe. Siwezi kukuahidi kwamba ataishi. Ningependa sana kukuahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba akienda, nisingependa aende na kitu alichoazimwa bila mwenyewe kujua.

Mimi sijamwita kwa jina hilo hata siku moja, kwa sababu nilijua si letu. Namwita mdogo wangu. Lakini kesho fundi saa atakuwa amekufikia kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijaisha. Nitasimama dirishani mpaka watutoe, na kabla hawajatutoa nitamwita. Sitakuwa na njia ya kujua kama umelitoa. Nitamwita hivyo hivyo, polepole, kwa kukuamini wewe.

Bibi anakusalimu sana na anasema mgongo usiufiche, upeleke hospitali. Mama anakusalimu kutoka wodini. Redio, ingawa humjui, anakusalimu, maana salamu zake humfikia kila mtu. Baba naye anakusalimu. Akaongeza neno hili: "Mwambie dada yangu sikuiba." Baadaye akaniambia nilifute. Sikulifuta.

Mungu akulinde, akupe usingizi ulalapo. Nasi atupe asubuhi moja tu iliyo nyepesi kuliko ya leo.

Ni mimi mwanao kwa kaka yako, nikupendaye tangu siku za kubebwa nisizozikumbuka.