Baba Pasta, Nani Aliificha Kengele ya Lusangi?

Kasongo, Jumapili, baada ya ibada

Baba Pasta,

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaiacha. Sijui kama ninakuandikia kukupa habari au kukuuliza swali. Nafikiri ni swali. Lakini wewe ulinizoeza kuanza na habari, tena kwa mpangilio, basi nianze hapo.

Askofu ametuma pasta mwingine mahali pako. Bado kijana, ana sauti nzuri, anahubiri huku anatembea. Mama Pasta alitoka katika nyumba ya kanisa bila kulalamika, kwa sababu siku zote ulimwambia kwamba nyumba ile ni ya kazi. Yuko kwa kaka yake, Kabambare. Nilimsaidia kufunga vyombo. Mkoba wako wa utafiti alinipa mimi, pamoja na simu yako yenye kioo kilichopasuka. Leso yako bado ilikuwa imeizunguka, ile uliyoitandaza juu yake kila tulipowarekodi wazee, ili wasiogope kuongea na chuma. Sijaifua.

Ile bursi ya utafiti, fedha ya kuandika kitabu chako cha historia ya Kanisa letu, haikufa pamoja nawe. Profesa anayewasimamia watafiti wa historia na teolojia ya Kimethodisti alinipigia simu. Anasema wafadhili wamekubali mimi, niliyekuwa msaidizi wako, nimalize kazi, ingawa sina zaidi ya diploma ya sekondari. Sharti lao ni kwamba sura ya kwanza isimame imara, maana ndiyo waliyoisoma walipokuchagua. Isiposimama, mradi utafungwa, na hakuna kitakachochapwa kwa jina lako.

Sura ya kwanza ni kengele. Unaijua kuliko mimi, lakini niache niiseme, labda nikiisema nitaielewa. Wakati wa vita vya zamani, wamisionari walipokuwa wameondoka na watu wa Lusangi wanakimbilia porini, mtu fulani aliishusha kengele ya kanisa akaizika. Amani iliporudi, ilifukuliwa ikalia tena. Wewe uliandika kwamba mtu huyo alikuwa baba yako, mzee Yoeli, na kwamba hivyo ndivyo Kanisa letu lilivyojitunza lenyewe. Shahidi wako alikuwa Mama Debora, mtu pekee aliye hai kati ya waliokuwepo.

Nimeisikiliza sauti yake tena na tena. Kwanza unasikika wewe unakohoa, halafu unamwuliza lile swali la darasa lao la kanisa: "Roho yako iko namna gani leo, Mama?" Halafu yeye anacheka, anakutazama (namna alivyokutazama naikumbuka mimi, simu haikuishika), anasema: "Mutoto wa Yoeli! Baba yako ndiye alibeba kengele yetu. Peke yake, kama mutu anabeba mutoto."

Uliinamisha kichwa. Nilidhani unasali.

Mwezi uliopita nilirudi Lusangi kuthibitisha, kama Profesa alivyotaka. Nilipelekwa na Amisi, dereva wa pikipiki anayesafirisha watu kati ya hapa na Salamabila. Mama Debora alitupokea vizuri, akatuwekea mihogo na mboga ya sombe. Nilifanya yote kama wewe. Nilitandaza leso. Niliuliza roho yake iko namna gani. Akaniuliza mimi ni wa nani, kwa kuwa safari ile ya kwanza nilikaa nyuma yako na hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia: mimi ni Mauwa, kwa upande wa mama ni mjukuu wa mzee Saidi, yule aliyeuza nguo na chumvi karibu na msikiti wa Kasongo.

Alipiga makofi. "Mujukuu wa Saidi! Keti karibu. Babu yako ndiye alificha kengele yetu. Mwislamu, lakini alisema nyumba ya sala ni nyumba ya sala. Aliifunika na magunia ya chumvi."

Baba Pasta, nitakuambia ukweli: moyo wangu ulijaa. Nilimwona babu yangu, mtu niliyemjua akiwa kipofu na mkali, akiinua magunia usiku kwa ajili ya Wakristo. Kwa muda sikukumbuka hata sura ya kwanza wala Profesa.

Kisha akamgeukia Amisi, aliyekuwa amekaa mlangoni anakula mihogo yake kwa amani, akamwuliza yeye ni wa wapi. Amisi akasema kwao ni Kabambare, kwa kabila Mubangubangu. "Ah," akasema Mama Debora, "wenu ndio walileta kamba. Bila kamba kengele ingeshuka namna gani?"

Njia nzima Amisi alicheka mpaka nikaogopa tutaanguka. Alisema yeye hajawahi kuingia katika kanisa lolote, sasa yumo katika historia ya Wamethodisti. Alisema nimlete kaka yake pia, anaweza kupewa hata nyundo ya kengele.

Mimi sikucheka. Yaani nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea.

Si mwongo, yule mama. Hilo nina hakika nalo. Jioni ile, nilipokuwa naandika shajara yangu, ndipo nilipokumbuka darasa lao. Ulinieleza mwenyewe: watu wachache wanakutana kila juma, mmoja anaulizwa habari za roho yake, na desturi ya Lusangi ni kwamba kabla ya kusema neno lolote unamshukuru kwanza mtu aliyekaa mbele yako, au wazazi wake. Hakuna anayejitaja. Sisi tulimwuliza kama darasani, naye akatujibu kama darasani. Kila mgeni alimrudishia mzee wake.

Sasa sijui nimeshika nini mkononi. Labda Yoeli aliibeba, Saidi akaifunika, na watu wa Kabambare wakaleta kamba, habari zote tatu zikawa kweli. Labda hakuna iliyo kweli. Nikimwambia Profesa sura imesimama, nitakuwa nimemchagua baba yako kwa sababu ninakupenda. Nikimwambia haikusimama, Mama Pasta atakuwa anangoja kitabu kisichokuja. Kila akipiga simu kutoka Kabambare anauliza: "Habari ya baba mkwe imefika wapi?" Nami ninajibu kwamba iko njiani, kana kwamba ni mzigo wa mahindi.

Na kuna jambo moja linalonisumbua zaidi. Siku ile ya kwanza, tulipotoka kwa Mama Debora, ulisimama njiani ukafuta miwani yako kwa tai. Nikakuuliza kama nianze kuandika maneno yake jioni hiyohiyo, kama tulivyofanya kwa wazee wengine wote. Ukasema: "Hapana, Mauwa. Hii tuiache kwanza." Nilidhani umechoka. Kifua kilikuwa kimeanza kukubana. Lakini baadaye uliiandika mwenyewe, ukaituma, ukapewa bursi. Je, ulikuwa na shaka ukaishinda? Au ulitaka tu kubaki na baba yako siku kadhaa kabla ya kumtoa kwa watu? Ningekuuliza leo, ungefuta miwani tena, nami ningebaki hapohapo.

Leo kanisani, yule pasta mpya alipokuwa akitembea mbele yetu, kengele yetu ya hapa ililia, nami nikagundua jambo dogo la aibu. Tulimwuliza Mama Debora nani aliibeba. Tulimwuliza ilizikwa wapi, ikafukuliwa lini. Mimi na wewe, wote wawili, hatukumwuliza hata mara moja yeye alikuwa wapi. Alikuwa msichana mwenye nguvu, mahali palepale, na hakutaja mkono wake hata kidogo. Na darasani asingeweza kujitaja.

Basi hii ndiyo ahadi yangu. Alhamisi nitarudi Lusangi. Amisi nitamwacha barabarani na pikipiki yake, hata akinuna. Sitauliza habari za roho. Nitasaidia kumenya mihogo, na mikono yetu ikiwa na kazi nitamwuliza: Mama, usiku ule wewe ulikuwa unafanya nini? Atakalosema nitaliandika. Akisema hakumbuki, nitaandika kwamba hakumbuki. Nitampelekea Profesa hivyo hivyo, na juu ya karatasi jina lako litakuwa la kwanza, hata kama wataifunga kazi siku hiyohiyo. Kisha nitakwenda Kabambare kumweleza Mama Pasta mwenyewe, ana kwa ana.

Pumzika, Baba Pasta. Leso nitaifua kabla ya Alhamisi. Na kama ungeniuliza leo roho yangu iko namna gani, ningekushukuru wewe kwanza, kama desturi, halafu ningesema haijatulia. Lakini inakwenda Lusangi.

Mauwa wako